Mnyama na Mahali Pake

Watu wengi huchagua mnyama wa kufuga kama wachaguavyo nguo: hutazama kile kiwapendezacho macho, wasiulize kama kitafaa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na aliyelipa gharama ya kosa langu alikuwa mbwa wangu.

Nililelewa kijijini, katika boma lenye shamba na malisho. Mbwa wetu aliitwa Simba. Mchana alifuatana nasi machungani. Usiku alilinda boma. Nilipopata kazi mjini Kendu Bay, kando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, sikutaka kuachana naye. Nilipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita vyenye ua mmoja, nikamfunga Simba kwa kamba karibu na mlango wa kutokea. Nilijiambia kwamba kipendacho moyo ni dawa.

Kumbe dawa ya moyo wangu ilikuwa sumu ya moyo wake. Mbwa ni mnyama wa kundi na wa mwendo. Afungwapo peke yake tangu asubuhi hata jioni, huhuzunika. Simba alilia mchana kutwa. Kila mpangaji aliyevuka ua alimbwekea kama mwizi, kwani alizoea kulinda boma la watu wake, na hakujua kwamba boma hili lilikuwa la watu wote.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa mzee Mwislamu. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi katika Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mzee huyo hakunigombeza hata siku moja. Lakini alfajiri moja nilimkuta amesimama uani, amekwisha kutawadha, kanzu ameikusanya mkononi, akingoja mbwa arudi nyuma apate kupita kwenda msikitini.

"Shikamoo, mzee," nilisema kwa haya.

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wako hana kosa. Umemleta pasipo pake."

Neno lile lilinikata maini. Jumamosi iliyofuata nilimrudisha Simba kijijini. Nilipomfungua kamba alikimbia akalizunguka boma lote, wala hakugeuka kunitazama. Niliumia, lakini nilifahamu.

Chumba changu kilibaki kimya, na panya wakatawala. Mama mmoja muuza omena, niliyezoea kununua kwake gorogoro moja kila mwisho wa mwezi, alinipa mtoto wa paka. Sikumtamani, nilimpokea kwa ajili ya panya. Kumbe aliweza kuishi mahali ambapo Simba hakuweza. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku, hujisafisha mwenyewe, na hufukia uchafu wake katika kisanduku cha mchanga. Wapangaji hawakumwogopa. Mzee jirani, ambaye katika dini yake paka si najisi, alimwacha alale juu ya kizingiti chake.

Hata hivyo paka naye ana haki zake na hila zake. Ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa humpata yeye pia, basi nilimpeleka akachanjwa. Asiposhibishwa nyumbani huenda kuiba omena zilizoanikwa juani, na mwenye omena hupata hasara. Tena hamfukuzi mwizi, na aitwapo huja apendapo. Simsifu paka ili nimshushe mbwa.

Niendapo kijijini, Simba hunilaki njiani kwa furaha ambayo paka wangu hajanionyesha kamwe. Humpapasa kichwa, nikakumbuka kamba ile. Msomaji, utakapotaka kufuga, usiulize tu ni mnyama gani umpendaye. Uliza pia ni yupi atakayeweza kupenda maisha utakayompa.