Vifuko vya Keya

Juzi katika duka la vinyago pale Emali, kijana muuzaji alinitolea kifuko cha risasi cha kijani akaniapia kwamba babu yake alikivaa Burma. Nilikigeuza. Muundo wa 1958, kitanzi cha singe ubavuni. Waliokwenda Burma walikuwa wamesharudi zamani, wanalima pojo. "Mzee, hiki ni cha vita," akasisitiza. Vita gani, hakujua, na bei ilikuwa palepale.

Kitui nilikokulia hatukuhitaji duka la vitu vya kale. Boma lililotoa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, halikukosa kifuko msumarini, karibu na podo la mishale. Cha babu kilikuwa kaki iliyofubaa karibu iwe nyeupe, naye alitilia ugoro humo. Turubai kuukuu, ugoro, jasho la mkono, na harufu ya shaba iliyosuguliwa: kwangu mimi jeshi lilinuka hivyo, wala si baruti.

Aliyenifundisha kuvisoma ni fundi wa viatu wa soko la Kalundu. Alivinunua ili avikate. Turubai lilitoa mikanda ya punda wa maji, vishikizo vya shaba vikaenda kwenye mikoba ya akina mama. Lakini kabla ya kutia kisu alikifunua kifuniko, akakielekeza kwenye mwanga, akatafuta muhuri. Mshale mpana peke yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya herufi U ni Afrika Kusini. M.E. Co. ni kiwanda cha Mills, Uingereza, turubai nene ambalo kisu chake kililichukia. Cha India alikijua kwa vidole tu, kwa wepesi wa nguo na wingi wa mishono.

Kisha alimsoma mwenye mali. Kifuko kikubwa cha muundo wa 1937 kilibeba magazini mbili za Bren, basi huyo alikuwa wa bunduki, alitembea kwa miguu. Vifuko vidogo pacha, kila kimoja cha risasi kumi za .303, walipewa zaidi madereva, wa mizinga na wa simu. Kuna mzee mmoja aliyetusimulia kila Jumamosi jinsi alivyowafukuza Wajapani kwa singe. Mwanawe alipoleta vifuko vya marehemu kuuza, vilikuwa vile pacha. Fundi alicheka hadi akaweka sindano chini. "Aliwafukuzia kwenye lori," akasema, akamlipa kijana bei nzuri.

Mkanda wa ngozi wa mifuko mitano, wa risasi hamsini, ule wa enzi ya vita vya kwanza, fundi alisema ulikuwa haba hata siku zake. Ngozi ina maadui wengi Ukambani: mchwa, panya, na mafundi viatu.

Cha babu kiligongwa muhuri wa 1942. Yeye alisema aliandikishwa mwaka wa njaa. Binamu yangu anashikilia ni kabla ya hapo. Muhuri ni wa kiwanda, haujui lolote kuhusu babu, kwa hiyo tumeacha kubishana.

Mengine yalikwenda mbio. Punda walivimaliza vingi. Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, mama aliingiwa na hofu, akakitumbukiza cha babu chooni pamoja na ugoro wake. Baadaye Makueni, iliko Emali, ikawa wilaya, kisha kaunti, na kando ya barabara ya Mombasa wakaanza kusimama wakusanyaji wanaolipa vizuri kuliko fundi yeyote.

Sasa vitambaa vipya vinalowekwa kwenye chai ya rangi ili vizeeke. Hilo naweza kulivumilia, kwa kuwa mnunuzi mzembe hupata anachostahili. Linalonikera ni vile vya kweli. Pale Mtito Andei nilikiona kimoja cha India, ndani ya kifuniko pana doa jeupe mahali askari wengi walipoandika namba zao kwa wino. Muuzaji alikuwa amekisugua kwa Jik. Wateja, aliniambia, hawapendi maandishi ya watu.