Kabla Hujatuma Pesa za Nismo

Buruburu, Nairobi.

Mpendwa mpwa wangu Kelvin,

Mama yako ameniambia unataka kuagiza gari la umeme, Nissan Leaf Nismo, kutoka Japani, na kwamba muuzaji anataka uongeze pesa kwa sababu ni gari la mbio. Mimi kazi yangu ni magari ya watu pale Kariobangi Light Industries, kwa hiyo nisikilize kwanza.

Nismo ilianzishwa mwaka 1984 ikiwa kampuni ya mashindano ya Nissan, na jina hilo lina heshima yake. Lakini Leaf iliyopewa jina hilo mwaka 2018 ina mota ileile ya Leaf ya kawaida yenye betri ya kilowati-saa 40: kilowati 110, yaani kama farasi 150. Farasi hakuongezwa hata mmoja. Kilichobadilishwa ni shoki, rimu za inchi 18, bampa zenye mstari mwekundu, na programu inayolifanya gari liitikie mguu upesi zaidi. Kwenye kona linashika barabara vizuri, na kazi hiyo naisifu kwa dhati. Ila mwaka 2019 Nissan hao hao walitoa Leaf e+ ya kilowati 160, isiyo na chapa yoyote ya mbio. Hiyo ndiyo yenye kasi.

Najua kilichokuvutia. Ukikanyaga kidogo tu kwenye Outer Ring Road linachomoka, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Raha hiyo utaipata kwenye Leaf ya kawaida pia, bila kuilipia zaidi.

Tena chapa ya Nismo inakupunguzia umbali. Kwa vipimo vya Japani, Leaf ya kawaida ilipewa kilomita 400 kwa chaji moja, Nismo 350, na kwa foleni na mwendo wetu usitegemee kufika huko. Hizo tairi zenye ukingo mwembamba nazo zitateseka na mashimo ya mitaa ya Umoja.

Linalonisumbua zaidi ni betri. Haipozwi kwa maji, kwa hiyo ukiitegemea chaja ya haraka kila siku inapata joto na kuchoka. Afadhali ulichaji nyumbani, lakini unakaa ghorofa ya nne, gari linalala chini getini. Je, landilodi atakubali uvute waya wako kutoka kwenye mita yako ya tokeni? Zungumza naye wiki hii, na mapatano yaandikwe.

Kisha mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo vya afya ya betri. Betri nzima huwa navyo 12. Vikipungua, bei nayo ishuke.

Ushauri wangu: chukua Leaf ya kawaida yenye betri nzima, na pesa zitakazobaki umlipe fundi wa umeme mwenye leseni akuwekee soketi imara. Usitume hata shilingi kabla sijaiona hiyo picha.

Ni mimi mjomba wako,
Wafula