Tiketi Isiyogongwa

Kila nikisimulia kisa hiki pale vimbweta, washkaji hucheka sehemu ileile, nikifika kwenye hesabu. "Sasa mzee, si bado ulipata faida!" Na kweli, kwa hesabu, nilipata. Leo nakiandika chote, pamoja na kipande ambacho huwa nakiruka.

Oktoba 2024 nilikwenda Berlin kwa muhula mmoja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Sisi tunaosota hapa kusubiri boom tunadhani Ulaya hela huingia kwa wakati. Wapi! Ili ulipwe posho unahitaji akaunti ya benki. Benki inataka karatasi ya kuandikishwa makazi. Na miadi ya kuandikishwa makazi inagombaniwa kama chumba cha hosteli. Hata tiketi ya muhula, ambayo mwanafunzi hupandia treni na mabasi, nisingeipata kabla usajili haujakamilika. Kwa wiki tatu niliishi kwa akiba niliyotoka nayo nyumbani, na safari moja ya treni ilikuwa euro 3.50, kama shilingi elfu kumi. Kwenda na kurudi, elfu ishirini. Kila siku.

Sasa, treni za mjini Berlin hazina geti. Hakuna konda wa kukutingishia sarafu sikioni. Unanunua tiketi kwenye mashine, unaiingiza kwenye kisanduku pale stesheni, inagongwa tarehe na saa, unapanda. Ikishagongwa ina saa mbili tu za kuishi. Usipoigonga, inabaki mpya. Hakuna anayekuuliza kitu, hadi siku wakaguzi waliovaa kiraia watakaposimama katikati ya behewa, milango ikiwa imeshafungwa.

Mnaona ninakoelekea. Nilinunua tiketi moja, sikuigonga, nikaiweka kwenye pochi. Nikikamatwa, nitasema mimi mgeni, sikujua kama inagongwa. Nilijua fika. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma Kijerumani mwaka mzima, na maelekezo yameandikwa palepale kwenye kisanduku.

Siku kumi na tano za masomo zilipita hivyo. Siku ya kumi na sita nilipandia Hermannplatz asubuhi, treni ya U8. Tulipoondoka Schönleinstraße, kijana mmoja mwenye koti la michezo akatoa kitambulisho. "Tiketi, tafadhali." Nikasema kimoyomoyo, au nilidhani ni kimoyomoyo, "Yamenikuta."

Mama aliyekaa mbele yangu akainua kichwa. Alikuwa amejifunga mtandio, begi la kazini mapajani.

"Mwanangu, wewe ni Mswahili?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni wa Mombasa. Usibabaike, hebu niambie, tiketi unayo?"

Nilimpa mkaguzi ile tiketi. Kwa kukaa mfukoni ilikuwa imelainika kama noti ya mia tano ya zamani. Akaigeuza mbele, nyuma, akanitazama. Tulishuka wote Kottbusser Tor, na mama naye akashuka. Kwamba alikuwa anawahi kazini nilikuja kujua baadaye.

Hapa ndipo huwa naruka.

Mama alinikalimania. Nilisema kwa Kiswahili, "Mwambie sikujua kama inagongwa." Yeye akalisema kwa Kijerumani kizuri kuliko changu, na akaongeza ya kwake: kwamba mimi ni mwanafunzi, nina wiki chache tu nchini, kwetu hakuna mashine za namna ile, na kwamba mbona katika behewa zima wamemshikilia kijana mweusi. Nilielewa kila neno. Mkaguzi akajibu kwa upole, "Kila mtu ananiambia hakujua." Hilo nalo nililielewa. Nikabaki nimeangalia chini, kama mtu asiyejua lugha.

Karatasi ikaandikwa: euro 60, zaidi ya shilingi laki na nusu, nilipe ndani ya wiki mbili. Mkaguzi akaondoka. Mama akafungua begi, akatoa noti ya euro 20, akanikunjia kiganjani.

"Mimi nilipokuja huku, mwaka wa kwanza, nilishikwa vivi hivi. Sikujua kwamba yagongwa. Wallahi sikujua. Na hapakuwa na mtu wa kunisemea."

Nilizipokea. Nikamshukuru. Akaniandikia namba yake ya simu, akapanda treni iliyofuata.

Sasa yale mnayoyajua. Sikulipa. Niliona muhula unaisha Machi, watanifuata Kimara kwa lipi? Barua ya ukumbusho ikaja, na ada juu. Kule jina lako linabandikwa kwenye sanduku la barua, kwa hiyo huwezi kusema haikufika. Niliiweka chini ya kitabu bila kuifungua. Kilichonitoa ni mwenzangu wa jikoni, Mjerumani, aliyeiona bahasha akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Akanipeleka kwenye dawati la ushauri la wanafunzi.

Mshauri hakunikaripia. Alinieleza mambo ambayo kila anayekwenda huko ni vizuri ayajue. Zile euro 60 ni tozo ya kampuni ya usafiri, na mtu wa mara ya kwanza kwa kawaida huishia hapo. Lakini kusafiri kwa kukwepa nauli ni kosa la jinai pia, kifungu cha 265a cha sheria yao, kilichoingizwa mwaka 1935: faini, au kifungo cha hadi mwaka 1. Wanaorudia ndio hufikishwa huko. Anayehukumiwa faini akashindwa kulipa huenda kuzimaliza gerezani kwa siku, na wengi wa wanaoangukia humo ni watu wasio na kitu. Tangu 2021 kuna mfuko wa wananchi, Freiheitsfonds, unaochanga fedha kuwatoa watu wa namna hiyo. Nilimuuliza kama tiketi yangu ya muhula, iliyokuwa imefika wiki hiyo, ingenisaidia. Akasema mwenye tiketi yake halali aliyoisahau nyumbani huenda kuionesha baadaye akalipa euro 7 badala ya 60. Lakini lazima iwe ilikuwa halali siku ileile. Yangu haikuwa hata imetoka.

Tukaandika barua pamoja kuomba nilipe kwa awamu. Wakakubali. Posho ilipoingia nikamalizia. Hicho ndicho ninachowaambieni vimbweta: barua fungua, andika, omba. Ni kweli na inasaidia.

Na hesabu yenyewe ni hii. Siku kumi na tano, safari mbili kwa siku, euro 105 ambazo sikulipa. Toa 60 na ada ya ukumbusho. Faida ipo. Hapo ndipo mnapocheka.

Ile 20 sijawahi kuiweka kwenye hesabu.

Novemba nilipanda U8 saa ileile siku tatu mfululizo, ya tatu nikamwona. Nilimpa euro 20 kwa mikono miwili. Akachukua 10, nyingine akanirudishia: "Hii kanywe chai, mwanangu." Akaniuliza kama wale watu walielewa mwishowe kwamba sikujua. Nikasema, "Walielewa, mama." Sentensi moja, na ilikuwa nyepesi kuisema kuliko nilivyotegemea. Stesheni mbili mbele akashuka, anakwenda kuwahudumia wazee kwenye makao yao.

Yeye kweli hakujua, akalipa peke yake. Mimi nilijua, nikapata wa kunisemea. Na yule kijana mwenye koti la michezo, siku akikutana na mgeni asiyejua kweli, atamjibu kama alivyonijibu mimi, kwa sababu tuko wengi tuliomzoesha.

Nimerudi Dar tangu Machi. Mama hunitumia ujumbe Ijumaa, kuniuliza masomo. Mara tatu nimeandika ukweli kwenye simu nikaufuta. Nilidhani itakuwa rahisi zaidi nikiuandika kwa watu wengi kwanza, na kwa kweli imekuwa rahisi, jambo linalonipa mashaka. Gazeti likitoka nitaupiga picha ukurasa huu nimtumie, Ijumaa, kabla hajaniuliza hali.