Baba Fundi wa Mtaa Wetu



Mwezi wa Machi Kanisa linamkumbuka mtakatifu Yozefu, ambaye Injili haikuandika neno lake hata moja. Tunajua kwamba alikuwa fundi, kwamba aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri, kwamba alirudi Nazareti akaendelea na kazi, basi. Kila mwaka tunapofundisha somo hilo tunaona macho yenu yakianza kusinzia, maana mtu asiyesema ni vigumu kumhubiri. Kwa hiyo safari hii tumeona vema tuwasimulie habari za mtu mmoja wa shirika letu hapa Goma, aliyetutangulia mwaka jana, ambaye naye alikuwa na maneno machache. Jina lake hatutaliandika, kwa kuwa mjane wake ametuomba hivyo. Mtaani watu wote, hata waliomzidi umri, walimwita Baba Fundi.

Kazi yake ilikuwa kuunda chukudu. Ninyi mnaziona kila siku zikiteremka na makala, makabichi na viazi, na sanamu yake yenye rangi ya dhahabu imesimama mjini petu. Lakini ni wangapi kati yenu wamewahi kukaa na kutazama jinsi inavyoundwa? Baba Fundi alikwenda mwenyewe kuchagua mti wa mkaratusi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mganga anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, na mara nyingi aliuacha akaenda zake. Baadaye ulikuja ubao mrefu wa kubebea mzigo, kisha sehemu ya mbele inayoshika usukani, kisha magurudumu mawili ya mbao ngumu yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Mwisho kabisa alipigilia nyuma kile kipande cha mpira ambacho msukumaji anakikanyaga ili kupunguza mwendo.

Hapo kwenye breki ndipo alipokuwa mkali. Kijana anayeteremka kutoka Kibumba na kilo 300 za viazi, uhai wake umeshikwa na kipande kile cha mpira na misumari yake. Wapo waliopigilia misumari miwili ili wauze kwa bei ndogo. Yeye alipigilia minne, na wateja walipolalamika juu ya bei alijibu: «Mteja haoni msumari. Mama yake ndiye atakayeuona.» Ni moja ya sentensi ndefu tulizowahi kuzisikia kinywani mwake.

Alikuwa pia mtu wa kubuni. Vipande vya mbao vilivyobaki havikutupwa: viligeuka magari, ndege na ng'ombe, na sidhani palikuwa na mtoto wa mtaa asiyekuwa na kimoja. Kwa binti mmoja wa shirika asiyeweza kutembea aliunda chukudu ya magurudumu matatu yenye kiti na mgongo, na ndugu zake wakamsukuma hadi shuleni miaka yote ya shule ya msingi. Wakati wa Noeli alichonga pango la parokia. Mwaka mmoja wale mamajusi watatu walifika mbele ya Mtoto Yezu wakiwa juu ya chukudu, mmoja amefunga gunia la maharage mahali pa dhahabu. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba ni mzaha ndani ya kanisa. Paroko alikwenda, akatazama kwa muda mrefu, akacheka, na mamajusi wakabaki hadi Epifania. Sisi tulikuwa upande wa paroko.

Nyumbani kwake tulikwenda mara nyingi kwa sala ya shirika, na tuliyaona tunayoyasema. Kila jumamosi jioni aliweka mezani fedha yote ya juma, mbele ya mke wake na watoto sita, wakaihesabu pamoja: hii ya unga, hii ya shule, hii ya misumari. Katika mji ambamo baba wengi hufika nyumbani jumamosi mifuko ikiwa mitupu, jambo hilo lilizungumzwa kuliko mahubiri. Binti zake aliwafundisha kushika randa na msumeno sawa na wavulana. Walipomcheka kwamba anawaharibia mahari, hakujibu kitu. Jua lilipozama alifuta vumbi la mbao mikononi, akaita watoto, na rozari ikasaliwa palepale kwenye meza ya kazi, kati ya patasi na nyundo.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa kuu letu, lililowekwa chini ya ulinzi wa mtakatifu Yozefu huyohuyo, liliteketea. Watu walikimbilia Gisenyi na walichoweza kubeba. Baba Fundi alikuwa na chukudu mbili mpya zilizokwisha lipiwa nusu. Juu ya moja alimlaza bibi kizee wa jirani, juu ya nyingine akawaweka watoto wake wadogo, na vyombo vyake vya kazi vikabaki nyuma. Siku chache baadaye, mawe yakiwa bado ya moto, tulirudi pamoja naye. Mahali pa karakana palikuwa pameinuka mwamba mweusi uliompita mtu kimo. Alianza upya kwa msumeno wa kuazima.

Sasa tuseme lililo gumu, maana hatupendi kuwachorea malaika. Watoto wengi walikufa mtaani katika miaka iliyofuata, na wazazi wao hawakuwa na kitu. Baba Fundi aliunda majeneza yao wala hakupokea fedha. Mbao alizozitumia ndizo zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa bado imezibwa kwa mahema upande mmoja. Majira mawili ya mvua yalipita hivyo. Jioni moja, baada ya sala, mke wake alisimama mbele yetu sote akasema: «Baba, nakushukuru kwa watoto wa watu. Lakini watoto wako nao wanalowa.»

Tulinyamaza. Baadhi yetu waliona kwamba mama huyo amemwaibisha mtu wa Mungu. Sisi twaona kwamba siku ile yeye ndiye aliyesema neno la imani kuliko wote, kwa sababu ukarimu unaolipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa una kasoro. Baba Fundi hakujitetea. Kesho yake hakwenda kazini. Alifunga ukuta wa nyumba. Kisha wawili hao wakapatana, mezani pale pale penye hesabu ya jumamosi: katika kila mbao kumi zitakazonunuliwa, mmoja utawekwa kando kwa ajili ya majeneza ya watoto, na zaidi ya huo hapana. Tangu hapo mama ndiye aliyezihesabu, na fundi alipotaka kusahau, kwa kuongeza au kwa kupunguza, alimkumbusha.

Mwishoni mwa mwaka 2022, watu wa Kibumba na Rutshuru walipokimbia vita na kujaa Kanyaruchinya, mikono yake ilikuwa tayari inatetemeka. Alikwenda hata hivyo, akakaa kando ya barabara akiwaelekeza vijana jinsi ya kutengeneza chukudu zilizovunjika chini ya magodoro na masufuria ya wakimbizi. Wengine kati yenu mlikuwapo, mkashika nyundo.

Alipofariki, binti yake wa pili, yule ambaye sasa anaendesha karakana, aliuliza jeneza litaundwa kwa mbao gani. Mama alimwonyesha zile za kando, zilizokuwa zimefika saba. Binti alipima, akasema tano zitatosha. Mbili zilizobaki zilirudishwa mahali pake, ukutani nyuma ya mlango, na jumatatu asubuhi karakana ilifunguliwa, kwa kuwa kulikuwa na chukudu ya mtu wa Kibumba iliyokuwa bado haina breki.