Tindikali au umeme: kazi ya shaba katika nyumba yenye watoto

Riziki ya halali ni neema, lakini uhalali wa kazi haukomei kwenye bei na mizani. Unaingia pia katika hewa wanayovuta watoto na maji yanayomfikia jirani. Sisi, mume na mke tunaochapa picha kwa mabamba ya shaba, tulilazimika kulitafakari hilo tulipohamishia kazi nyumbani. Chumba cha kazi kimepakana na cha watoto, na mmoja wao ana pumu.

Mwanzo wa kazi ni mmoja. Bamba hupakwa nta, kisha mchoro huchorwa kwa sindano mpaka shaba ionekane. Hapo shaba iliyo wazi huliwa, mistari ikashuka na kushika wino, na karatasi ikigandamizwa juu yake hupokea picha. Tofauti ipo katika kile kinachoila.

Tindikali ya nitriki ndiyo tuliyofundishwa. Haihitaji nyaya wala betri, na mkono uliozoea huimudu kwa wepesi, ukifagia kwa unyoya mapovu yanayokaa juu ya mistari. Lakini pamoja na mapovu hupanda moshi wa hudhurungi unaodhuru mapafu, na madhara yake yaweza kuchelewa saa kadhaa, mtu akidhani amesalimika. Tena, tindikali haili kwenda chini tu. Hula na ubavuni, mstari ukapanuka. Kadiri inavyotumika hudhoofu, mpaka yakabaki maji ya sumu yanayotafuta pa kutupwa.

Njia ya umeme si ya jana. Mwaka 1840 Thomas Spencer na John Wilson walipata hataza yake nchini Uingereza. Hutumia mrututu ulioyeyushwa katika maji. Bamba lenye mchoro huunganishwa na upande chanya wa umeme mdogo, na bamba jingine la shaba na upande hasi. Yote mawili huning'inizwa humo yakitazamana bila kugusana. Shaba hutoka katika mistari ya la kwanza na kujibandika kwenye la pili. Kwa kuwa kinachotoka huku huingia kule, maji yale hayaishiwi nguvu, hutumika tena na tena. Umeme ukiwekwa mdogo, hakuna moshi ule, na mstari hushuka safi.

Tulichagua umeme. Ulitugharimu kifaa cha kupunguza nguvu zake, shaba ya ziada na majaribio mengi. Wala mrututu si maji ya kuchezea: ni sumu kwa anayeumeza na kwa samaki, na buluu yake huvuta macho ya mtoto. Kwa hiyo chombo chetu kina mfuniko na kufuli, glavu ni lazima, na hatumwagi hata tone mtaroni.

Fundi mwenye karakana iliyo mbali na makazi, yenye mtambo wa kutoa moshi, hatumlaumu akibaki na tindikali. Lakini familia inayofanya kazi chini ya paa inalolalia, iwe ni kuchomelea vyuma au kupaka rangi samani, na ijiulize ni nani anayevuta hewa ya kazi hiyo. Dini yetu imekataza kujidhuru na kumdhuru mwingine, na mtoto ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.