Gia ya Pili, Njia ya Jozani

Nilianza kazi ya utingo kwenye magari ya mbao, yale ya ubavu wazi yaliyokuwa yakileta watu na mizigo yao kutoka shamba hadi Darajani. Dereva wangu, mzee wa Mwera, hakuanza kunifundisha usukani. Tukija mteremko wa Welezo, tumepakia machungwa na shokishoki za Kizimbani, alitia gia ya pili kabla gari halijainama, akaondoa mguu kwenye mafuta na kuiacha injini ivume. "Sikiliza, mwanangu," akinambia, "mashine ndiyo inayolikamata gari. Breki naiweka akiba."

Wengi husema Unguja ni tambarare, mambo ya kushusha gia waachiwe madereva wa Lushoto. Kweli, kilele chetu, Masingini, hakizidi mita 120. Lakini gari lililosheheni halisubiri mlima mrefu. Breki huugeuza mwendo kuwa joto, na shuu zikishachemka ndani ya dramu hupoteza mshiko: unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari haliitiki. Kuna na mafuta ya breki. Hayo hunywa unyevu, na hewa yetu ni ya bahari mwaka mzima. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji, nyuzi 140 zinaweza kutosha. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio linakwenda mpaka sakafuni. Nilipopata gari la kuendesha nilishikilia yabadilishwe kila miaka miwili, hata pedi zikiwa nzima. Matajiri wengine walinung'unika. Sikurudi nyuma.

Miaka yangu mingi niliimaliza njia ya 309, mjini hadi Jambiani, na hapo ndipo gia ilipokuwa na kazi nisiyoifikiria nilipokuwa utingo. Ukishapita Pete barabara inaukata msitu wa Jozani, na kima punju wanavuka kwenda kula majani upande wa pili. Mnyama huyu hana kwao pengine duniani ila Unguja. Barabara ilipokuwa nzuri na haina matuta, magari yaliwaua sana. Yalipowekwa matuta vifo vilipungua. Lakini tuta huzuia pale lilipo tu. Mimi nilianza mbali: ya tatu, kisha ya pili, gari likiwa tulivu na abiria hawarushwi mbele. Mguu wa kulia niliugusisha kidogo kwenye breki ili taa za nyuma ziwake, kwa sababu injini ikizuia gari haiwashi taa yoyote, na anayekufuata hajui kama umepunguza. Kima wa kwanza akishavuka usiondoke. Tazama kwenye matawi: aghlabu wamo wengine, na mwenye mtoto tumboni anaweza kuwa wa mwisho.

Mjini ni mambo mengine. Baina ya Mkunazini na Darajani, penye mikokoteni na watoto wa skuli, tumia breki. Kushusha gia kila hatua ili uzinusuru pedi ni hesabu mbovu, kwani klachi ni ghali zaidi na kuibadilisha lazima giaboksi lishushwe. Na masika, lami inapoteleza, ukishusha gia kwa ghafla magurudumu ya nyuma yanaweza kukukimbia.

Kinachoniudhi hadi leo ni kijana anayepiga nyutro mteremkoni akidhani anaokoa mafuta. Injini za sasa, gari likiwa kwenye gia na mguu uko juu, hukata mafuta kabisa. Kwenye nyutro huendelea kuyanywa. Anapoteza petroli na kizuizi kwa pamoja.

Mwanangu anachukua watalii kwa Noah ya otomatiki na alikuwa hajui kuwa zile alama za 2 na L chini ya D ni zake pia. Nilikwenda naye Welezo tukiwa na gari tupu, nikamwambia aweke 2 juu kabisa na asikanyage kitu mpaka nitakapomwambia.