Mfumo Umekubali

Siku hizi ukienda benki, hospitali au ofisi ya kata, utasikia habari za bwana mmoja asiyeonekana anayeitwa Mfumo. Mfumo uko chini. Mfumo unasumbua. Mfumo haukubali. Mhudumu akishatamka hayo, unarudi kukaa kwenye benchi, na hakuna wa kumlaumu. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa benchi. Mwaka jana nilipata kibarua kilichoniweka upande wa pili wa kaunta, na huko nikajifunza kwamba mfumo unaokataa si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni ule unaokubali.

Kibarua chenyewe kilikuwa katika kliniki binafsi ya meno, Dar es Salaam. Ilikuwa na viti viwili vya kutibia, madaktari wawili, muuguzi mmoja, na pale mapokezi palikuwa na kabati la chuma lenye kadi za wagonjwa za zaidi ya miaka ishirini. Mwenye kliniki alikuwa amenunua programu ya kuendesha kazi zote: miadi, kumbukumbu za matibabu, picha za eksirei, risiti na madai ya bima. Alihitaji mtu wa kuingiza kadi kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nasubiri kibali cha utafiti wa shahada ya uzamili, na mfukoni sina kitu. Tukakubaliana malipo kwa kila kadi.

Mtunzaji wa kabati lile alikuwa mama mmoja wa mapokezi ambaye kila mtu pale alimwita Mama tu. Alikuwa amekaribia kustaafu, na wote tulijua kwamba kazi yangu ikiisha, yeye hatakuwa na kabati la kutunza. Hata hivyo alinipokea vizuri. “Karibu mwanangu,” aliniambia. “Ila kadi zangu usizikimbize.”

Hapa lazima nieleze meno yanavyohesabiwa, maana mambo yaliharibikia hapo. Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32. Wamarekani huyapa namba 1 hadi 32. Wanaanza na gego la mwisho la juu, upande wa kulia wa mgonjwa, wanazunguka taya la juu hadi gego la mwisho la kushoto, ambalo ni 16, wanashuka kwenye 17 lililo chini yake, kisha wanarudi kulia hadi 32. Sehemu kubwa ya dunia, na kliniki ile pia, hutumia namba za FDI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno. Humo kinywa kimegawanywa robo nne. Tarakimu ya kwanza inataja robo, ya pili inataja jino, ukihesabu kutoka katikati ya kinywa. Kwa hiyo 16 haisomwi kumi na sita. Ni moja, sita: robo ya juu kulia, jino la sita, lile gego kubwa linalomtoka mtoto akiwa na miaka kama sita. Kadi za zamani kabisa zilikuwa na mtindo wa tatu, msalaba mdogo uliochorwa kwa kalamu na tarakimu 1 hadi 8 kwenye kona zake. Msalaba huo ni rahisi kuuchora, lakini kwenye kompyuta hauna kitufe.

Programu ilikuja ikiwa imewekwa namba za Marekani. Fundi wa kampuni iliyoiuza alichukua orodha ya matibabu ya mwaka mmoja, iliyokuwa kwenye Excel kwa ajili ya bima, akaimwaga yote kwa mkupuo. Mfumo ukakataa mistari mingi. Ulikataa 36, ukakataa 46, ukakataa 47. Fundi akasema hayo ni makosa ya uchapaji, tutayarekebisha kwa mkono polepole. Mengine yote, alisema, yameingia salama.

Mama alivaa miwani yake akaanza kufungua wagonjwa mmoja mmoja. Kwa mzee fulani akasimama. Mchoro wa kinywa kwenye skrini ulionyesha gego la mwisho la kushoto limezibwa.

“Huyu baba hakuzibwa hilo,” alisema. “Alizibwa huku,” akagusa shavu lake la kulia.

“Mama, mfumo umekubali,” fundi akamjibu, kwa heshima tu.

“Siku hiyo mfumo haukuwepo, mwanangu. Mimi nilikuwepo.”

Tukatoa kadi kabatini. Imeandikwa 16. Muuguzi alipoitazama skrini na kadi, akaelewa kabla yetu. Namba za kuanzia 33 zilikataliwa kwa sababu hesabu ya Kimarekani inaishia 32. Lakini 11 hadi 18, 21 hadi 28, pamoja na 31 na 32, zipo katika mitindo yote miwili, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja jino lilelile. Maana yake meno mengi ya taya la chini yalikuwa yamekataliwa, na taya la juu lilikuwa limekubaliwa lote, na lote limekosewa. Lile tuliloliona kuwa usumbufu ndilo lililokuwa dalili. Sehemu iliyotufurahisha ndiyo iliyokuwa na ugonjwa.

Daktari hutazama mdomoni na kwenye eksirei kabla ya kushika koleo, hilo najua. Lakini hutazama kumbukumbu pia, hasa siku ambayo foleni imefika mlangoni. Na jino la kudumu likishang'olewa halioti tena.

Kubadilisha mpangilio wa namba kulichukua dakika chache. Orodha yote ikafutwa. Mwenye kliniki akaamua kwamba hakuna kadi itakayoingia bila kupita mikononi mwa Mama, na malipo yangu yakawa ya siku badala ya kadi. Kuanzia hapo nikawa naketi karibu naye, yeye anasoma, mimi naandika.

Ndipo nilipoanza kuyaona maandishi ya pembeni. “Presha, mpime kwanza.” “Anadaiwa 20,000, ni mwaminifu.” “Meno ya Arusha”, yaani mgonjwa amekulia kwenye maji yenye madini mengi ya floraidi, rangi ile ya kahawia si uchafu wala sigara, asihubiriwe. Na kwenye kadi ya binti wa kazi za ndani, kwa wino mwekundu: “Usipige namba hii, ya bosi wake.”

Programu hutuma ujumbe wa kukumbusha miadi siku moja kabla, yenyewe, bila kumuuliza mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mama hakuwahi kuisoma. Alikuwa akiifuata kwa kalamu nyekundu miaka mingi kabla haijaandikwa.

Sisemi tungebaki na kabati. Kuna kadi zilizokuwa zimelowa mvua za masika zikagandana, hazisomeki tena. Siku hizi jina la mgonjwa linapatikana kwa sekunde, na picha ya eksirei inafunguka pembeni ya mchoro wa kinywa. Mama mwenyewe aliyapenda hayo. Alichodai ni kitu kimoja: kisanduku chekundu kinachotokea kabla ya kitu kingine chochote faili likifunguliwa. Fundi akakiweka. Tulikiita “Soma kwanza”, na kwa wiki zake za mwisho kazini alikuwa akikijaza, huku binti aliyekuja kushika nafasi yake akiuliza maswali.

Kadi moja alinyamaza kuisoma. Niliona maandishi mekundu pembeni, mistari mitatu hivi, akayafunika kwa kiganja. Nikamuuliza niandike nini kwenye kisanduku.

“Hayo aliniambia mimi,” alisema.

Nikaacha nafasi wazi, nikabonyeza kuhifadhi. Mfumo ukakubali.